Mulinda Goli na Timu Isiyo na Mwenyewe

Nje ya goli alikuwa mtu wa kunong'ona. Ukipishana naye asubuhi njiani kuelekea kiwanda cha pamba, pale Kasongo, alikusalimia kwa sauti ndogo hata ukadhani ameacha mgonjwa nyumbani. Mzungu yeyote akipita, hata yule wa kuja kutengeneza mashine na kuondoka, yeye alikuwa wa kwanza kuvua kofia na wa mwisho kuirudisha kichwani. Lakini jioni, akishasimama katikati ya zile nguzo mbili, sauti yake ilifika sokoni. Alimkaripia kila mtu. Alimkaripia hata kapita wetu, msimamizi wa kazi, yule yule ambaye asubuhi alimwita "baba".

"We kapita, umelala? Rudi nyuma! Rudi, nasema!"

Na kapita alirudi. Filimbi ya mwisho ikilia, alitoka golini, akamwendea kapita, akainamisha kichwa na kumwomba radhi. Kesho yake alikuwa tena mtu wa kunong'ona.

Sisi wote tulimwita Mulinda Goli. Hata mke wake, Mama Zaina, alimtaja hivyo mbele za watu. Nilicheza mbele yake miaka mingi, upande wa kulia, tangu nilipoajiriwa kiwandani kufunga marobota ya pamba. Mimi ni Mkristo wa kijiji cha wakulima, yeye alikuwa Mwislamu wa swala tano, na katika timu ile hapakuwa na mtu aliyenifundisha mambo mengi kama yeye. Alikuwa mkubwa kwangu, nikamwita yaya, kama mtu anavyomwita kaka yake aliyezaliwa mbele.

Mikono aliitunza kuliko kitu kingine chochote. Aliipaka mawese kila jioni, kidole kwa kidole, na wiki ya mechi hakushika panga wala jembe. Mama Zaina alipasua kuni mwenyewe. Wanawake wa jirani walimcheka: "Weye ndiyo umeoa, yeye ndiyo ameolewa." Mama Zaina aliwajibu bila kuinua macho: "Mumuache. Hii mikono ikivunjika, mutakuja kulia kwangu, nyinyi wote na wanaume wenu."

Mzee wa msikiti hakupenda mpira. Alimwambia kwamba mwanamume kuonyesha mapaja mbele za watu ni aibu, achague moja. Hakuchagua. Alimwomba Mama Zaina amshonee suruali iliyoshuka chini ya magoti, akaenda nayo msikitini ikatazamwe, kisha akaenda nayo uwanjani. Mzee hakuridhika, na mzungu mwenye timu hakuridhika, maana sisi wengine wote tulivaa kaptula, lakini hakuna aliyepata sababu ya kumfukuza. Ndivyo alivyoishi na watu wakubwa. Alisema ndiyo huku, akasema ndiyo kule, na yeye akapita katikati.

Hakuwa malaika. Bao likifungwa, kosa lilikuwa la beki siku zote. Alikuwa na kinyongo. Mtu akimcheka, alimnunia mpaka mwezi uandame. Na alikuwa mwongo wa uongo mdogo mdogo, ule wa kukwepa kazi: tumbo linamuuma, mtoto ana homa, mjomba amefika kutoka mbali. Lakini mpira ukiingia golini, hakuutupa kwa hasira kama walinda goli wengine. Aliufuata mwenyewe mpaka majanini, akaupangusa kwa shati lake, akaurudisha katikati akiwa ameushika kwa mikono miwili. Alinifundisha kupiga penalti kwa kuniambia anachotazama yeye. "Mi sitazami muguu," alisema. "Muguu unadanganya. Ninatazama bega. Bega halijui kuficha." Mpaka leo nikiongea na mtu nisiyemwamini, nalitazama bega lake.

Timu ilikuwa ya meneja mmoja mzungu wa pale kiwandani. Sisi tulimwita Bwana Mwavuli, kwa sababu alikaa kitini kando ya uwanja na boyi wake alisimama nyuma kumshikia mwavuli, liwe jua, iwe mvua. Siwezi kusema hakutupa kitu. Mpira wa ngozi ulikuwa wake, jezi za kijani zilikuwa zake, kamio, yaani lori, ya kutupeleka kucheza mbali ilikuwa yake. Tukishinda tulipata samaki wa chumvi. Tukishindwa, siku ya kupumzika tulipakia marobota. Wageni wake wakija, alitunyooshea kidole mmoja mmoja na kusema kwa Kiswahili chake cha kuvunjika: "Mupira yangu. Ekipe yangu. Miguu yangu." Ekipe ndilo neno lao la timu, na sisi tulilizoea. Wageni walicheka. Mulinda Goli naye alicheka kwa adabu, kofia mkononi.

Watu wa Kasongo hawakumpenda Bwana Mwavuli hata kidogo. Wao walisema timu ni ya mji. Yeye alisema ni yake. Sisi tuliokuwa tunakimbia hakuna aliyetuuliza, na kusema kweli hatukuwa tumejiuliza wenyewe, mpaka ile siku ya Sefu.

Sefu alikuwa mshambuliaji wetu wa katikati, kijana mrefu, mcheshi, aliyeoa mwaka ule ule. Timu ya mgodi wa dhahabu ilikuja kutoka Salamabila kucheza nasi, na mkubwa wao wa mgodi alikuja na mbwa wake wa kuwinda, mbwa mkubwa wa madoadoa. Bwana Mwavuli alimtamani yule mbwa tangu alipomwona akiruka kutoka kwenye gari. Sefu alifunga mabao yote siku ile, na yule mkubwa wa mgodi akamtamani Sefu. Jioni wakanywa pombe yao barazani. Asubuhi kapita alikuja kambini, tulikoishi wafanyakazi, akamwambia Sefu achukue mkeka wake apande kamio ya mgodi. Sefu alidhani ni safari ya kucheza, akauliza watarudi lini. Kapita alitazama chini. Mke wa Sefu alikuwa na mimba, alikimbia nyuma ya kamio mpaka kwenye kona, na sisi tulisimama pale na vyombo vya kazi mikononi. Tulipopita mbele ya nyumba ya Bwana Mwavuli, mbwa wa madoadoa alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya baraza, analia.

"Wamebadilisha mutu na imbwa," nikasema.

Mulinda Goli alimtazama yule mbwa kwa muda mrefu. "Na imbwa mwenyewe hakuulizwa," akasema.

Jioni ile hatukufanya mazoezi. Tulikaa nyuma ya kambi, na mmoja wetu akasema hataivaa tena jezi ya kijani. Wa pili akasema hivyo hivyo. Nilitazamia Mulinda Goli aseme tumbo linamuuma, aende nyumbani. Badala yake alisema, kwa sauti yake ile ya chini: "Ekipe inataka mwenyewe mwingine. Mi nitaenda kumutafuta."

Tulishangaa sote. Baadaye nimefikiri kwamba labda ni kwa sababu alizoea kusimama mbele ya wakubwa. Alijua mlango wa kila mmoja wao na namna ya kuubisha.

Kwanza alikwenda kwa padri mkubwa wa misheni. Alinichukua mimi kwa kuwa nilibatizwa pale. Padri alitupokea vizuri, akatupa viti. Alisikiliza mambo ya Sefu na uso wake ukawa mwekundu kwa hasira ya kweli. Alisema misheni ina uwanja, ina mipira, na itatupokea kwa mikono miwili. Kisha akasema masharti. Wachezaji wote waingie katekisimu. Wasiotaka, Mungu awabariki, lakini timu ya misheni ni ya wana wa misheni.

Njiani kurudi, Mulinda Goli alinitangulia mpaka tulipowafikia wenzetu. Hapo akawaambia bila kuficha kitu: "Padri ni mutu muzuri. Anawapokea nyinyi Wakristu. Sisi Waislamu hapana, mpaka tugeuke. Mi naona mukubali. Mukubali, nitakuja kutazama."

"Nani atakaa mu goli?" mtu akauliza.

"Mutamupata mwingine."

Walikataa kwa kelele, Wakristo kwa Waislamu, na yeye akakasirika kabisa. Alisema tunachezea bahati, kwamba hatutapata mwenyewe mwenye moyo kuliko yule. Nadhani alikuwa sahihi.

Akaenda kwa Sultani, mtawala wetu wa kienyeji. Sultani alifurahi. Alichinja mbuzi, akasema aliitaka timu siku nyingi, tangu alipomwona mzungu akipigiwa makofi kwa kukaa tu kitini. Tukala, tukaimba. Asubuhi yake mjumbe wake akatuita tukalime shamba la mpunga la Sultani, kwa sababu watu wa Sultani ndivyo wanavyofanya. Tukalima. Akasema mtoto wake atakuwa kapteni, ijapokuwa mtoto huyo alikuwa mnene na hakuweza kukimbia hadi nusu ya uwanja. Tukakubali na hilo. Lakini Bwana Mwavuli ndiye aliyempa Sultani zawadi kila mavuno, pamba ya watu wake ikiwa nyingi. Mzungu huyo alimtembelea mara moja tu. Siku iliyofuata Sultani alimwambia Mulinda Goli, huku akitazama pembeni: "Mutoto wangu, hii mambo ya mupira ni ya wazungu. Mi ni mutu muzee."

"Alisema kweli," Mulinda Goli alituambia. "Shamba lake ni lake. Sultani mwenyewe ni wa Bwana Mwavuli."

Wakati huo huo madereva wa kamio za mgodi walituletea habari za Sefu. Tulidhani anateseka. Walisema amepewa nyumba ya matofali, unga wa kutosha, na mke wake amemfuata na mtoto. Mmoja wetu alimtumia neno kwamba tunampigania arudi. Jibu likaja kwa mdomo wa dereva: Sefu anawasalimu sana, lakini asisumbuliwe, mwenyewe wake wa sasa hana neno.

Kila mtu aliona haya mbele ya mwenzake.

"Ni vizuri," Mulinda Goli akasema mwishowe. "Amepona."

"Sasa tunapigania nani, yaya?" nikamwuliza.

Aliendelea kutengeneza kamba ya ndoo ya Mama Zaina kana kwamba hakunisikia. Kisha, bila kunitazama, akasema: "Labda ekipe haitaki mwenyewe."

Sikumbuki kama alikusudia jambo kubwa. Nadhani alikuwa amechoka kubisha milango. Lakini neno lile lilishikwa na wenzetu na kwa muda tukawa kama watu wenye homa. Wakwe zake Mulinda Goli walikuwa na ardhi iliyolala nyuma ya michikichi, tukafyeka pale. Fundi wa viatu wa sokoni alitushonea mpira wa ngozi ya mbuzi na ndani akatia mipira ya baiskeli iliyochoka. Haukuwa wa mviringo sawasawa; ukidunda, ulikwenda upande wowote. Mama Zaina na wake wengine walikata nguo za zamani wakatushonea vitambaa vya kufunga begani, maana jezi hatukuwa nazo. Kila nyumba ilileta ilichoweza: mchele, kuku, chupa ya mawese, ili wageni wakija kucheza wale.

Na wageni walikuja. Walikuja wa vijiji vya karibu, wakaja hata wa mtoni Lualaba. Watu wa Kasongo walijaa kuzunguka uwanja ule wa udongo mtupu, na pale ambapo kwa kawaida Bwana Mwavuli alikaa, walikaa wanawake na watoto wao migongoni. Kabla ya kuanza, Mulinda Goli alitukusanya golini, Wakristo na Waislamu, akasema "Bismillahi", na sisi sote tukaitika kwa sauti moja. Hatukuwa na maana nyingine. Ilikuwa inatupa nguvu. Nikicheza pale nilisikia miguu yangu ni yangu, na sijawahi kusikia hivyo tena.

Lakini nisidanganye kwamba tulijitawala vizuri. Tuligombana. Nani alale na mpira nyumbani? Kuku wa nani alikuwa mdogo? Kwa nini fulani anacheza na ni mvivu? Kila ugomvi ulipelekwa kwa Mulinda Goli, na yeye, nje ya goli, alikuwa yule yule. Alimwambia huyu "ndiyo, una haki" na mwenzake "ndiyo, na wewe una haki", na wote wawili walikuja uwanjani siku ya mechi wakitaka nafasi moja. Shemeji yake alicheza mara nyingi kuliko alivyostahili, kwa kuwa ardhi ilikuwa ya baba yake. Wawili walirudi kwa Bwana Mwavuli kwa hasira. Ningependa kujua kama tungejifunza. Labda tungejifunza, labda tungevunjana wenyewe. Hatukupewa muda wa kujua.

Bwana Mwavuli hakutupiga, wala hakutufukuza kazi. Alitabasamu tu tulipopita na marobota. "Mutarudi," alisema. Kisha siku moja polisi walikuja kambini wakamchukua Mulinda Goli, na mimi na wenzangu wawili tukaitwa kama mashahidi, mbele ya administratere, yule mzungu wa serikali aliyetawala teritwari yetu, wilaya nzima. Polisi alisoma jina la Mulinda Goli kwa sauti, jina lake kamili la Kiislamu, na nilihisi kama wanamtaja mtu mwingine.

Administratere hakuwa mkali. Alikuwa na mafua, akipangusa pua kila mara, akionekana kama mtu anayetaka shughuli imalizike akalale. Alizungumza Kiswahili vizuri.

"Hii ekipe iko ya nani?"

"Iko yetu, Bwana."

"Yetu, nani?"

"Sisi wenye kuicheza, Bwana. Na watu."

"Watu gani?"

"Wenye kuleta mchele, Bwana."

"Kwa hiyo ni chama. Mulikusanya vitu vya watu, mulikusanya watu, na ruhusa hamukuomba."

"Hapana chama, Bwana. Mupira tu."

"Mukubwa ni nani?"

"Hakuna, Bwana."

Administratere aliweka kitambaa chake mezani. "Mbele ya kuanza, weye unasema neno, na wote wanajibu. Neno gani?"

Sote tulijua serikali inavyoyaogopa makusanyiko ya Waislamu. Tulijua watu waliochukuliwa kwa sababu ya kukaa duara na kutaja jina la Mungu.

"Ni jina la Mungu, Bwana," Mulinda Goli alinong'ona.

"Na Wakristu pia wanajibu?"

"Wanajibu, Bwana."

Nadhani hilo ndilo lililomwogopesha administratere kuliko yote. Alitutazama sisi wawili tuliobatizwa, akaandika kitu. Kisha akasema kwa upole, karibu kama anamwomba: "Sikia. Kila kitu kina mwenyewe. Sema ekipe ilikuwa ya Sultani, alikupa weye kuichunga. Ama sema ni ya kiwanda, mulikuwa munafanya mazoezi. Sema hivyo, mi nitafunga hii mambo leo, muende nyumbani."

Nilishusha pumzi. Nilimjua mtu huyu. Nilikuwa nimemsikia akisema ndiyo kwa kila mtu mwenye kofia. Nilimtazama bega, na bega lake lilikuwa limetulia.

"Sultani aliikataa, Bwana," akasema. "Na kiwanda tuliiacha sisi. Ekipe iko yetu."

Walipotutoa nje, polisi alituruhusu kusimama naye kidogo kabla ya kumfungia. Nilimvuta shati kwa hasira. "Yaya, kwa nini? Uongo mudogo tu. Weye unadanganya kila siku!"

"Najua," akasema, na yeye mwenyewe alionekana ameshtuka. "Niliitafuta ile 'ndiyo Bwana' mu kinywa. Nikaikosa."

Wakamhamisha. Ilisemwa akakae Kabambare chini ya macho ya serikali, asitoke bila ruhusa, na hakuna aliyesema kwa muda gani. Mama Zaina alikatazwa kumfuata. Wanasema ni kwa sababu mtu wa namna ile akiwa na familia anakusanya tena watu. Mulinda Goli alipanda kamio peke yake, amebeba bakuli na mkeka. Tulisimama mbali kidogo, kwa woga.

Uwanja wetu nyuma ya michikichi uliamriwa upandwe pamba. Ni sisi wachezaji tuliotumwa kuulima, na tuliulima, na pamba ilistawi vizuri pale kwa kuwa ardhi ilikuwa imepumzika. Jezi za kijani zilitoka sandukuni. Bwana Mwavuli hakutukemea, alitugawia samaki. Alipata mlinda goli mwingine, kijana mwepesi kuliko wa kwetu, na mwaka ule tulishinda karibu kila mahali. Watu walirudi kutupigia makofi. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba tulishinda.

Vijana huniuliza siku hizi: hamkuwa na njia nyingine? Nawaambia tulimtafuta wa dini, tukamtafuta wa ukoo, tukajitafuta wenyewe. Wananitazama kama mtu aliyesahau kutaja njia moja, ile nzuri. Sijasahau. Haikuwepo.

Miaka ilipita. Nikaacha kucheza, nikaacha kiwanda, nikapata kazi ya usaidizi kwenye kamio ya mfanyabiashara aliyepeleka mchele migodini. Safari moja, wakati wa mvua, tulikwama kwenye tope karibu na Kabambare. Dereva alisema tungoje watu wa barabara, wale waliowekwa na serikali kujaza mashimo. Walikuja na majembe na vikapu vya mawe. Wa mwisho katika mstari alikuwa Mulinda Goli.

Hakunifahamu mpaka nilipomwita yaya. Ndipo aliweka kikapu chini, akanishika mabegani, akaangalia kwanza kama kapita wa barabara yuko mbali.

Tulikaa pembeni wakati wenzake wakijaza. Alikuwa na viazi vitamu vya kuchemsha ndani ya jani, tukala pamoja. Aliuliza habari za watu mmoja mmoja. Nilipofika kwa binti yake nilisema Zaina ameolewa.

"Ameolewa?" Akaacha kutafuna. "Nani alisimama pahali yangu?"

"Mujomba wake, yaya."

"Ni vizuri," akasema. "Mujomba wake ni mutu wa maana." Akatafuna tena, polepole.

Nilimwambia kwamba watu wanasema mambo yanabadilika, kwamba wazungu wengine wanazungumza kwa namna mpya, labda akiomba ataachiliwa.

"Niliomba. Yule wa kwanza aliniambia ningoje. Akaenda Ulaya. Akaja mwingine, akaniuliza nilifanya kosa gani. Nikamueleza. Hakusikia. Akaniambia, mutu hawezi kuhamishwa kwa sababu ya mupira, unaficha kitu, ngoja nitatafuta." Alitikisa kichwa. "Na yeye akaenda. Sasa iko wa tatu. Mi sina nguvu ya kueleza tena. Nikianza kueleza, hata mimi mwenyewe naona ni uongo."

Kamio ilianza kunguruma. Walikuwa wameyatoa magurudumu kwenye tope. Hapo aliniinamia, akanong'ona kwa haraka.

"Ukifika, nenda kwa Mama Zaina. Umwambie asiningoje. Umwambie nimemuacha, nimemupa talaka, aolewe kama anataka. Yeye bado iko na nguvu. Umwambie ni mimi nimesema."

"Yaya, hiyo mambo usiniambie mimi."

"Nimwambie nani?" akauliza. Kapita wa barabara alipaza sauti, naye akasimama mara moja, akavua kofia, akaokota kikapu.

Nilibeba maneno yale hadi mgodini na kurudi nayo. Nilimkuta Mama Zaina nje ya nyumba yake, amekaa na ungo, anachagua mchele kwa ajili ya soko. Nywele zake zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe. Nilimsalimu, "Shemeji," nikakaa, nikamwambia nimemwona. Hakupiga kelele. Aliuliza kama anakula. Nilisema tulikula viazi pamoja. Aliuliza kama anakohoa, kwa kuwa kule kuna baridi. Nilisema sikumsikia akikohoa. Kisha nikamwambia lile lingine, kama nilivyopewa, neno kwa neno.

Vidole vyake vilisimama juu ya ungo.

"Alisema na kinywa chake?"

"Ndiyo, shemeji."

"Mbele ya nani?"

"Mbele yangu tu."

"Weye, Mukristu, pembeni ya barabara." Alivuta pumzi, akaanza tena kuchagua mchele, akitupa vijiwe upande wa kuku. "Hiyo si talaka. Hiyo ni huzuni yake tu. Ukimuona tena, umwambie sijasikia kitu."

Sikumwona tena. Mwaka uliofuata njia ya kamio yetu ilibadilishwa, na baadaye dereva mmoja alituambia kwamba yule mzee wa barabara wa Kabambare amezikwa, na watu wa pale ndio waliomzika. Lakini asubuhi ile hatukujua hilo. Mama Zaina alimaliza kuchagua, akamimina mchele ndani ya beseni, akazungusha ngata ya kitambaa, akaniomba nimsaidie kuinua. Nilimtwika. Alisawazisha mzigo kwa mkono mmoja, akaniambia nipite kwa amani, akashika njia ya sokoni.